Tupeane uzoefu: Ni lini uliona runinga, redio au gazeti likigeuza siasa za Marekani?

Mwenye mada

Ndugu wanajukwaa, naomba tuzungumze na wale walioishi Marekani, pamoja na wale ambao maamuzi ya Washington yaliwafikia mpaka mlangoni. Sitafuti nadharia za darasani. Naomba kila mmoja aeleze tukio aliloliona mwenyewe, ambamo chombo cha habari hakikuishia kutangaza habari bali kiliingia ndani ya habari yenyewe na kuibadilisha. Nitatangulia.

Mwaka 2000 nilikuwa mwanafunzi Pensacola, magharibi kabisa mwa jimbo la Florida, ambako saa ziko nyuma ya zile za Miami kwa saa moja nzima. Jioni ya tarehe 7 Novemba, siku ya uchaguzi wa rais kati ya Al Gore wa Democrat na George W. Bush wa Republican, nilimwendesha bibi mwenye nyumba wangu hadi kituo cha kupigia kura, nami nikabaki garini kwa kuwa sikuwa raia. Vituo vya upande wetu vilipaswa kufungwa saa moja jioni. Zilipobaki kama dakika kumi hivi, redio ikatangaza kwamba mitandao mikubwa ya runinga imekwisha kumpa Al Gore ushindi wa Florida. Mume na mke waliokuwa wanashuka kwenye gari la jirani walisimama wakasikiliza, wakatazamana, kisha wakarudi garini na kuondoka. Chama chao hakikuandikwa usoni, lakini kura zao mbili sikuziona zikiingia.

Usiku ule hatukulala. Mitandao yote ilitegemea shirika moja la pamoja lililokuwa likiwahoji wapigakura wanapotoka vituoni, kwa hiyo kosa la mmoja likawa kosa la wote. Kabla ya usiku wa manane waliuondoa ushindi wa Gore; ilipofika saa nane na robo usiku kwa saa za Miami, kituo cha Fox News wakampa George W. Bush, na wenzao wakafuata ndani ya dakika chache. Gore akampigia Bush simu ya kumpongeza, kisha akapiga tena kuzirudisha pongezi zake, na kabla ya mapambazuko runinga nazo zikafuta ushindi wa pili. Tofauti iliyotangazwa mwishoni ilikuwa kura 537 kati ya karibu milioni 6 zilizopigwa katika jimbo hilo. Jimbo hilo ndilo lililokuwa linaamua urais, kwa hiyo mabishano yalikwenda hadi hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 12 Desemba, na katika wiki zote hizo tano nilivyosikia mimi mitaani, Bush alizungumzwa kama mshindi anayecheleweshwa na Gore kama mshindwa asiyekubali, ingawa kisheria hakuna aliyekuwa ameshinda. Sifa hizo mbili zilitoka kwenye tangazo la saa nane usiku.

Mwalimu wa Rusumo

Mwenye mada, mimi sijawahi kukanyaga Marekani, ila Marekani ilinikuta Ngara mwaka 1994, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi si mbali na daraja la Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda.

Ili nieleweke, lazima nianzie Mogadishu. Desemba 1992, askari wa Marekani waliposhuka ufukweni usiku, wapigapicha walikuwa wamewatangulia na taa zao zikawamulika machoni kama wacheza filamu. Picha za njaa ndizo zilizokuwa zimeandaa safari ile. Oktoba 1993 wakauawa askari 18 wa Kimarekani katika mapigano ya mjini, na picha za maiti ya mmoja wao ikiburutwa barabarani zikaonyeshwa nyumbani kwao. Haikupita wiki, Rais Clinton akatangaza kwamba majeshi yake yatakuwa yameondoka Somalia ifikapo tarehe 31 Machi 1994.

Hesabuni siku. Aprili 7, wiki moja tu baada ya tarehe hiyo, mauaji ya Rwanda yakaanza. Waandishi wa kigeni waliobaki Kigali walikuwa wachache mno, na kamera karibu hazikuwapo mahali watu walipokuwa wakiuawa. Sisi tulikuwa tukizisikiliza idhaa za Kiswahili za BBC na Sauti ya Amerika kila jioni, tukiona miili ikiteremka na maji ya Kagera, na tukishangaa kwamba dunia inazungumza kana kwamba kuna vita vya kawaida kati ya majeshi mawili. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likapunguza askari wa Umoja wa Mataifa hadi 270, kwa baraka za Washington. Mwezi Juni msemaji wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani alikuwa bado akikubali maneno “vitendo vya mauaji ya kimbari” na kukwepa kusema “mauaji ya kimbari” yenyewe, maana neno hilo likitoka kinywani, mtu ataulizwa amefanya nini.

Kamera nilianza kuziona mwisho wa Aprili, watu zaidi ya 200,000 walipovuka daraja kwa muda wa kama siku moja na kambi ya Benaco ikaota kama uyoga. Wageni walinipa kazi ya ukalimani. Nilikwishajua kwamba miongoni mwa waliovuka walikuwamo waliokimbia kuuawa na walioua, wote wamebeba magodoro yaleyale kichwani, na nilijaribu kumweleza hilo mwandishi mmoja. Akanijibu kwa upole kwamba ana dakika moja na nusu tu hewani. Julai, karibu watu milioni moja walipoingia Goma, nchini Zaire, na kipindupindu kikaanza kuwaua kwa maelfu, picha zilikuwa tele kila usiku, na mara hii ndege za kijeshi za Marekani zikaja na maji na dawa.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Mogadishu picha zilimtoa Mmarekani. Goma picha zilimleta. Na katikati, pale ambapo hapakuwa na picha, hakuja. Wapo wanaosema, na nakubaliana nao kwa sehemu, kwamba wakubwa wa Washington walikuwa wamekwisha kuchoka na Afrika hata bila runinga. Lakini mwanasiasa asiyeulizwa na mpigakura wake hupata nafasi kubwa ya kuchoka.

Mkazi wa Silver Spring

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma maelezo yako mara mbili.

Naomba nipingane kidogo na mada yenyewe. Mwaka 2016, magazeti makubwa ya Marekani karibu yote, yakiwamo mengine ambayo kwa miongo kadhaa yalikuwa hayajamuunga mkono mgombea wa Democrat, yaliwaambia wasomaji wao wasimchague Donald Trump. Akashinda. Nilikuwa nikisoma tahariri hizo ndani ya treni ya kwenda kazini na kuamini kwamba mambo yamekwisha. Gazeti halina uwezo wa kumwamuru mtu. Nguvu niliyoiona mwaka ule ilikuwa upande mwingine: vituo vya habari vya saa 24 vilirusha mikutano ya Trump moja kwa moja, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kumtoza hata senti, kwa sababu watazamaji walikuwa wakibaki. Februari ya mwaka huohuo mkuu wa kampuni ya runinga ya CBS, Les Moonves, alisema hadharani kwamba hali ile huenda si njema kwa Marekani, lakini ni njema sana kwa CBS. Angalau yeye alisema kweli.

Binti Nyeri

Kaka wa Silver Spring, hayo yalinifikia kazini.

Mwaka 2011 nilikuwa nikiwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee huko Texas. Mama mmoja niliyekuwa nikimwogesha kila asubuhi alikuwa na kituo kimoja tu cha runinga, nacho hakikuzimwa tangu anapoamka hadi anapolala. Majira yale ya kuchipua Trump alikuwa akizunguka katika vipindi vya mahojiano akidai kwamba Barack Obama atoe cheti cha kuzaliwa, kwa uvumi kwamba huenda alizaliwa Kenya. Siku moja yule mama akanishika mkono akaniuliza, kwa upendo kabisa, kama tulizaliwa hospitali moja na Rais.

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikamweleza kwamba baba yake Obama alitoka Kogelo, magharibi mwa Kenya, mbali na kwetu Nyeri, na kwamba mtoto mwenyewe alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961. Jioni nilimletea nakala ya ukurasa wa gazeti la Honolulu la mwezi huohuo, wenye orodha ya watoto waliozaliwa. Magazeti mawili ya mji ule yaliichapisha taarifa hiyo. Akaisoma kwa miwani yake, akaikunja, akaniambia kwamba wenye uwezo wanaweza kuchapisha chochote. Tarehe 27 Aprili Ikulu yenyewe ikakitoa cheti kirefu. Runinga ikakionyesha cheti kwa siku kadhaa, na pembeni yake ikawakaribisha watu wa kukitilia shaka, ili kipindi kiwe na pande mbili. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi uongo unavyopewa kiti: hauhitaji kushinda mjadala, unahitaji tu kualikwa.

Miaka mitano baadaye, Septemba 2016, Trump aliwaita waandishi katika hoteli yake mpya mjini Washington. Vituo vikarusha moja kwa moja, wanajeshi wastaafu wakapanda mmoja baada ya mwingine kumsifu, na mwishoni kabisa akatamka kwa sentensi fupi kwamba Obama alizaliwa Marekani. Yule mama alikuwa amekwisha kufariki.

Mpanga Matangazo

Dada Binti Nyeri, pole. Mimi nilikaa upande wa pili wa kioo. Kwa kampeni mbili nilifanya kazi katika kituo cha runinga Pennsylvania, kwenye kitengo cha kupanga matangazo ya biashara, na mengi yanayoonekana kama njama kule ni kanuni za kawaida za ofisini.

Mgombea wa nafasi ya shirikisho, yaani urais au Bunge la taifa, akituletea tangazo lake mwenyewe, sheria ilitukataza kulihariri, hata likiwa na uongo unaoonekana kwa macho. Ukimuuzia mmoja muda, mpinzani wake ana haki ya kununua muda wa namna hiyohiyo. Katika siku 60 za mwisho kabla ya uchaguzi mkuu, mgombea hulipa bei ya chini kabisa anayotozwa mteja mkubwa wa kituo. Makundi ya nje yanayomuunga mkono hayana kinga hiyo, na baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Januari 2010 kuyaruhusu kutumia fedha bila kikomo, yalikuja na mifuko mizito. Sekunde 30 zilezile tuliwauzia kwa bei mara kadhaa ya ile ya mgombea. Tangazo la kundi la namna hiyo tungeweza kulikataa, kwa kuwa kituo kinaweza kushtakiwa kwa kashfa iliyomo. Tulikataa moja katika kipindi changu chote.

Kila mauzo tuliyaweka katika jalada la wazi ambalo raia yeyote anaweza kulisoma kwenye intaneti. Nilichokuwa nikikiona mimi ni kwamba waliolisoma kwa bidii ni kampeni zenyewe, zikipelelezana.

Mwezi Oktoba taarifa ya habari ya jioni ilikuwa na habari kidogo kuliko matangazo ya kukanusha habari. Watu walitupigia simu wakilia kwamba watoto wao wanaogopa sauti zile za kutisha. Halafu uchaguzi unafanyika Jumanne, na Jumatano asubuhi nafungua ratiba naikuta ina mapengo, nami nayajaza kwa magodoro ya bei nafuu na mawakili wa ajali za magari.