Jaribio la choroko na maji ya kisima yenye chumvi: nilipangeje?

mwanafunzi_bagamoyo
Habari wadau. Niko kidato cha tatu. Kisima cha kwetu kiko karibu na pwani, maji yake yana chumvichumvi, hatunywi, ila bibi anamwagilia mchicha. Majani yanaungua pembeni, kama karatasi iliyopitiwa na moto. Kwenye mradi wa biolojia nataka kuonyesha kama ni chumvi inayodumaza mimea. Nimewaza makopo mawili ya choroko, moja maji ya kisima, lingine ya bomba, kisha napima urefu kwa rula. Inatosha? Natamani nimpe bibi jibu la kweli, maana ya bomba tunanunua kwa ndoo.

Mwl_Chumbageni
Swali zuri, limetoka nyumbani. Ila kwa mpango huo utajua maji hayo mawili yanatofautiana, hutajua kama ni kwa sababu ya chumvi. Kisimani mna mengine pia, hata mbolea iliyopenya chini. Kwa hiyo chumvi itie mwenyewe. Tumia maji ya bomba na mzani wa maabara: lita moja usitie kitu, nyingine tia gramu 1, nyingine 3, nyingine 6. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 kwa lita, huko usifike. Maji ya kisima yawe kundi la tano. Mimea yake ikikua kiasi cha kati ya ile ya gramu 1 na ile ya gramu 3, hapo una la kusema.

Kopo moja kwa kundi halitoshi, mche unaweza kudumaa kwa ubovu wa mbegu tu. Weka hata sita, kila kopo mche mmoja. Ukijaza miche mitano kopo moja, bado umepima kopo moja, maana inagombania udongo uleule. Udongo wote uchanganye kabla ya kujaza, na makopo uyahamishehamishe. Mche wa kivulini hurefuka mwembamba ukitafuta mwanga, na rula itakuambia umestawi! Mwishoni ng'oa, osha mizizi, anika mpaka uzito usipungue tena, ndipo upime.

mama_bustani
Mwanangu, toboa makopo chini. Maji yanakauka, chumvi inabaki, unaona ukoko mweupe juu ya udongo. Kopo lisilotoboka linazidi chumvi kila ukimwagilia, na zile gramu zako hazina maana tena. Na bibi mwambie amwagilie shinani, asirushie majani, huenda kuungua kukapungua.

mwanafunzi_bagamoyo
Shikamoo mwalimu, shikamoo mama. Asanteni sana. Maji ya chumvi nianze siku ya kupanda au miche ikishatoka?

Mwl_Chumbageni
Marahaba. Hayo ni majaribio mawili. Ukianza na mbegu unapima kuota: chumvi inayashikilia maji, mbegu inashindwa kuyafyonza. Ukisubiri miche itoke unapima kukua. Muulize bibi majani huanza kuungua lini, kisha chagua moja.

Na kama unamtafutia yeye jibu, acha choroko, panda mchicha. Mimea haivumilii chumvi sawasawa, jibu la choroko halitamfaa. Mbegu zake ni ndogo, sia chache kila kopo, zikiota punguza ubakize mche mmoja.