Pangaboi, kiyoyozi au kurekebisha paa: kipi kinawasaidia zaidi watoto kulala kwenye joto hili?

mama_wawili_tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina watoto wawili, wa miaka 4 na wa miezi 5. Chumba chao kinatazama magharibi, juu bati na dari ya jipsamu, dirisha la alminiamu. Tangu Desemba mkubwa anashtuka saa 6, saa 8, saa 10 usiku, nywele zimelowa kama katoka kuoga, shingoni harara tupu. Mdogo ananyonya kidogo analia.

Nimebana laki sita na sitaki kuzipoteza. Nafikiria njia tatu: (1) kiyoyozi kilichotumika, (2) pangaboi, kwa sasa tuna feni ya kusimama tu, (3) jirani kaniambia tatizo ni paa, nianze huko. Walioishi na hivi vitu naombeni uzoefu wenu. Mama mkwe naye yupo kwangu, anaogopa sana feni, anasema itawapa watoto nimonia.

baba_K_mbagala
Nilifunga kiyoyozi mwaka jana. Watoto wanalala vizuri, sisemi uongo. Ila piga hesabu ya umeme wa LUKU kwanza. Pangaboi la wati 75 likizunguka saa 10 halifiki hata unit moja kwa usiku, kwa mwezi ni kama unit 22. Kiyoyozi changu kidogo kinakula unit 4 hadi 5 kila usiku, na hapo nakizima alfajiri. Kama sasa hivi mnatumia chini ya unit 75 kwa mwezi, huenda mko kwenye bei ya matumizi madogo. Kiyoyozi kitawatoa hapo na kila unit itapanda bei, pamoja na za taa na friji.

Halafu umeme ukikatika usiku, chumba kimefungwa madirisha yote. Dakika 20 tu ni tanuri.

fundi_dari
Dada, jirani yako kasema kweli, nami nimefanya kazi hii miaka mingi. Jua linapiga bati tangu asubuhi, bati linapika hewa iliyo kati yake na dari, na hewa hiyo haina pa kutokea. Jua linazama lakini dari inaendelea kushusha joto chumbani hadi usiku wa manane. Fanya jaribio leo: saa 3 usiku panda kwenye meza, weka kiganja kwenye dari. Ukikuta ina moto, basi pangaboi utakalofunga hapo litakuwa linachukua joto la dari na kuwapulizia watoto.

Dawa ni kulipatia paa pua. Toboa matundu ya hewa pande mbili zinazotazamana, juu karibu na kilele, uyawekee wavu wa chuma popo wasiingie. Hewa ya moto inatoka yenyewe. Ukibakiwa na hela, paka bati rangi nyeupe ya paa upande wa chumba hicho. Bati jeupe linarudisha jua, bati lililochakaa au la rangi nzito linalinywa.

La pili ni dirisha. La alminiamu la kusukuma pembeni hata ulifungue lote ni nusu tu inayopitisha hewa. Na kwa kuwa linatazama magharibi, pazia la ndani halitoshi, maana jua limeshapita kwenye kioo. Zuia nje. Ning'iniza jamvi au chaga za mianzi nje ya dirisha kuanzia saa 7 mchana, ulitoe jua likizama.

Kiyoyozi kwenye chumba chenye dari ya moto kinapigana vita usiku kucha, ndiyo maana unit zinaisha.

dodoma_kwetu
Kwetu tunatundika shuka lililoloweshwa maji dirishani, chumba kinapoa kabisa, hakuna gharama. Jaribu hiyo kwanza.

muuguzi_wa_watoto
Ndugu wa Dodoma, kwenu inafanya kazi kwa sababu hewa ni kavu, maji yanakauka haraka na kuondoka na joto. Dar mwezi huu hewa imejaa unyevu tayari. Shuka bichi litaongeza fukuto tu.

Mama wawili, naomba tuongee kuhusu watoto wenyewe. Kwanza mfikishie mama mkwe kwa heshima: nimonia inaletwa na vijidudu, upepo wa feni hauileti. Anachokiona huenda ni mafua ya vumbi, kwa hiyo futa mapanga ya feni kila wiki. Feni izungushe hewa chumbani, isimpulizie mtoto usoni.

Wa miezi 5 alale na nepi na fulana nyepesi ya pamba, au nepi peke yake. Kofia na soksi ndani ya nyumba hapana, mtoto mchanga anapunguzia joto kichwani. Alale chali, bila mto wala blanketi. Kujua kama kazidiwa na joto, mguse kifuani au nyuma ya shingo, si viganja. Maji usimpe, hajafika miezi 6. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, hata kama kila mara ni dakika chache, hiyo ndiyo kiu yake.

Mkubwa aoge kabla ya kulala, maji ya kawaida ya bomba. Maji ya barafu yanafanya ngozi ijikaze na joto linabaki ndani. Harara ikaushwe vizuri, usiipake mafuta mazito, yanaziba. Poda usimwage karibu na pua ya mdogo.

Na tafadhali: mtoto akipimwa akawa na nyuzi 38 au zaidi, usiseme ni hali ya hewa. Mpeleke apimwe malaria.

mwana_wa_kisauni
Hapa Mombasa twapata joto lilo hilo. Dada, watoto walalia nini? Wangu nilikuwa nimemtandikia nailoni juu ya godoro kwa sababu ya kukojoa, na shuka la kuteleza. Nilipoiondoa nikaweka kitambaa kizito cha pamba chini ya shuka, jasho likapungua usiku huo huo. Nyanya yangu hata leo halali juu ya sponji, ana kitanda chake cha kamba, kiitwacho teremka tukaze, na mkeka juu. Upepo wapita hadi chini ya mgongo. Fundi wa kuvisuka hivyo vitanda hapatikani siku hizi, lakini ukimpata usimwache.

mama_wawili_tabata
Nimepanda kwenye meza. Dari ina moto kweli, saa 3 na nusu! Na nailoni ipo, sikuwahi kuifikiria.

Swali: chandarua kinaziba upepo. Nikiweka wavu mzuri dirishani naweza kukitoa?

muuguzi_wa_watoto
Hapana mama, usikitoe. Mbu mmoja anayeingia mlangoni saa 1 jioni anatosha. Tafuta cha pembe nne badala ya cha duara, kinakaa mbali na mwili na hewa ina nafasi. Vipo pia vya nyuzi za plastiki vyenye matundu makubwa zaidi, vinapitisha upepo vizuri. Upepo wa pangaboi hupenya kidogo, lakini hupenya.

umm_s_muscat
Huku Oman siwezi kuwashauri muache kiyoyozi. Mwezi wa 6 usiku wa manane bado zaidi ya nyuzi 30, na feni peke yake inakupulizia moto. Zamani watu walikuwa wakilala nje juu ya mapaa ya nyumba. Lakini Januari nikija Unguja kwa mama, wanangu wanalala kwa pangaboi na madirisha wazi, kaskazi inaingia, na hawaamki. Wenye kiyoyozi, kiwekeni nyuzi 25 au 26. Ukiweka 18 mtoto ataamka kwa baridi na kikohozi cha ukavu.

baba_K_mbagala
Nyongeza: kama mkubwa analala kitanda cha dabo deka juu, pangaboi sahau mpaka umshushe. Na feni ya kusimama yenye kizuizi cha nafasi pana, vidole vinaingia.

mama_wawili_tabata
Nimerudi baada ya siku 12. Fundi wa mtaani katoboa matundu mawili, kaweka wavu, jamvi linaning'inia nje mchana. Nailoni imetoka, chandarua cha pembe nne kimeingia, mkubwa namwogesha saa 2. Mpaka hapo dari saa 3 usiku ilikuwa vuguvugu tu, ndipo nikafunga pangaboi, wiki iliyopita. Nimebakiwa na zaidi ya nusu ya hela yangu. Kiyoyozi nimekiacha.

Mdogo bado anaamka kunyonya mara mbili, lakini analala tena. Mama mkwe kasoma ujumbe wa muuguzi mwenyewe, soksi amezitoa. Mkubwa kaamka mara moja tu kwa usiku, siku tatu mfululizo. Leo alfajiri nimeingia chumbani nikakuta kavuta kanga yangu kajifunika mwenyewe.