Wanajua kila kitu kuhusu usafi ila hawabadiliki, tufanyeje?

muuliza
Habari wadau. Tuna kikundi cha kujitolea, tunaelimisha watu mambo ya vyoo na kunawa mikono. Tumebandika mabango, tumepita na spika, watu wanasikiliza vizuri tu na ukiwauliza wanakujibu sawasawa, kipindupindu kinasababishwa na nini, mikono inawe lini, wote wanajua. Ukirudi baadae hali ni ileile, watoto wanajisaidia nyuma ya nyumba, choo kipo ila pembeni hakuna hata maji ya kunawa. Elimu inayobadilisha tabia inatolewaje jamani?

bwana_afya
Pole na kazi mkuu. Umeshasema mwenyewe wanajua, sasa kwanini muendelee kuwaambia kilekile? Kuna njia Kamal Kar, mtaalamu wa maendeleo kutoka India, aliianzisha Bangladesh mwaka 2000, kule huhubiri kabisa. Wananchi wenyewe wanachora ramani chini, kila mtu anaonyesha nyumba yake na anapoenda kujisaidia, alafu mnatembea wote mpaka hapohapo mnasimama. Kuna na zoezi la glasi ya maji, unamuuliza mtu utakunywa anasema ndio, unachukua unywele unaugusisha kwenye kinyesi unauchovya kwenye ile glasi unampa tena, hakuna anaekubali. Sasa uliza nzi ana miguu mingapi, 6, na je anabeba kidogo kuliko huo unywele? Hapo nyamaza kabisa, usimalizie wewe. Watasema wenyewe kwamba kumbe tunalishana mavi, na hilo neno likitoka kwao ndo wanaanza kupanga lini wachimbe.

nuru07
Naunga mkono ila kuweni makini sana, hiyo njia kuna sehemu iligeuka kuwa ya kudhalilisha watu. Mzee anaeishi peke yake au mtu mwenye ulemavu hawezi kuchimba shimo, ukimnyooshea kidole mbele za watu umemuumiza na choo bado hana. Umoja wa Mataifa ulishatambua maji na usafi kuwa haki ya binadamu tangu 2010, kwahiyo siku hiyohiyo mnayopanga kuchimba ulizaneni nani atamchimbia asieweza.

chirizi
Mimi niongelee kunawa maana ndo mnapokwama. Mtu akitoka chooni na sabuni iko ndani kabatini hatoifuata, hata awe msomi. Wekeni kibuyu chirizi palepale mlangoni: dumu la lita 5 limetobolewa tundu dogo, limening'inizwa kwenye fito, kamba inashuka mpaka kwenye kijiti unachokanyaga kwa mguu, sabuni imefungwa pembeni. Mkono haugusi dumu na maji yanatoka kidogo kidogo hayaishi haraka. Alafu msisahau kinyesi cha watoto wadogo, wengi wanaona hakina shida wanatupa popote, wakati nacho kinabeba vimelea vya kuhara kama cha mkubwa tu.

muuliza
Asanteni sana, hilo la kinyesi cha watoto hatujawahi hata kulitaja. Swali la mwisho, kufuatilia afuatilie nani? Sisi hatuwezi kuwa pale kila siku.

bwana_afya
Wachagueni wao kwa wao, wale walioongea kwa uchungu siku ya zoezi, iwe mama au kijana haijalishi. Muwape tarehe waliyoitaja wenyewe ya kumaliza vyoo, nyie mrudi siku hiyo kuangalia. Msisubiri 15 Oktoba, siku ya kunawa mikono duniani, ndo mrudi na spika.