Mrejesho: kijiti cha kutafutia chuma shimoni

Wakuu, salamu kutoka Mtwara. Niliulizia namna ya kujitengenezea kijiti cha kuonyesha chuma kilipo hasa, maana ditekta kubwa (mashine ya kutafutia vyuma ardhini) inalia tu, unabaki kuchimbua shimo zima. Asanteni sana.

Nilimfuata aliyesema nichomoe feraiti (kile kijiti cheusi cha antena ya ndani) ya redio mbovu, niizungushie waya wa shaba wenye vanishi, niitie ndani ya bomba la plastiki pamoja na saketi ndogo ya kutoa mlio na betri ya volti 9. Kimekubali! Sarafu inakiliza ikiwa karibu vidole viwili.

Kasheshe ni mchanga mbichi wa ufukwe wa Mikindani, chumvi inakipigisha kelele bure. Foili niliyouzungushia ule waya (ncha zisigusane, kisha iungwe kwenye hasi ya betri) imepunguza, haijamaliza. Pakavu kinapiga kazi. Aliyeshauri ninunue cha dukani, mkuu, bado sijakukatalia.