Gumzo la familia: Jumamosi tunaenda hifadhi ya mtoni

Zuhura: Jamani ile safari ya hifadhi ya mtoni bado ipo au imeota mbawa? Watoto huku hawanipi pumzi 😂

Juma: Ipo bana. Ila tutoke alfajiri, tukifika saa nne jua limeshapanda ndege wamejificha tutabaki kuangalia majani

Zuhura: Alfajiri na hawa watoto wewe??

Juma: Mdiria hatusubiri dada. Asubuhi ndo utamkuta kwenye tawi juu ya maji katulia kama hayupo, ghafla huyo anajirusha kichwa chini, akitoka ana samaki mdomoni anambamiza kwanza kwenye tawi mpaka atulie ndo anammeza. Nani ana darubini?

Idi: Mi nabeba spika ya bluutuu 🔥

Juma: Beba usikilizie kwenye gari hukohuko

Shangazi Rehema: Hamjambo wanangu. Swali langu moja tu, watoto wataingia majini?

Zuhura: Shikamoo shangazi. Miguu tu

Shangazi Rehema: Marahaba. Haya, miguu tu

Mjomba Salum: Hiyo miguu tu ndo yenyewe naiogopa. Mto si bwawa jamani, maji ya sentimita 15 tu, kifundoni hapo, yakiwa na kasi yanamwangusha mtu mzima sembuse hao wa chekechea. Mkifika msikimbilie popote, angalieni kwanza mto unapokata kona, upande wa nje maji yanapiga kwa nguvu yanakula ukingo kwa chini, juu unaona nyasi nzuri unakanyaga kumbe chini pako wazi na kina ni kirefu. Upande wa ndani ndo mchanga unatua, pana mteremko wa taratibu, wakae huko, na mtu mzima asimame kule maji yanakoelekea ili akiteleza mtu adakwe

Idi: Mjomba mbona mvua hakuna siku hizi mto utakuwa umelala tu

Mjomba Salum: Huku hakuna. Kule juu unakotoka je? Inanyesha huko, nyie mko kwenye jua mnapiga picha, maji yanakuja. Mkiona yamegeuka tope au yanaanza kushusha vijiti na majani kwa wingi, tokeni mpande juu, msirudi kuchukua kandambili

Zuhura: Eeh nimemsomea baba yao hapa kanyamaza

Juma: Na hizo kingo mjomba alizosema tusizikanyage hata kwa ajili ya ndege, mdiria anachimba shimo humohumo kwenye udongo anataga ndani. Tubaki kwenye njia. Na suruali ndefu mchomeke kwenye soksi, majani marefu yana kupe, jioni watoto wakaguliwe kwapani, nyuma ya magoti na kwenye nywele

Zuhura: Mbu je?

Juma: Jua likizama ndo wanaamka vizuri, tuwe tumeshaondoka

Shangazi Rehema: Mimi goti hili sitembei mbali, mniache kivulini penye kuona maji, mabegi nitalinda. Ila taka zenu kila mtu na mfuko wake, sitaki kuambiwa shika shangazi

Zuhura: 😂😂 sawa shangazi

Mjomba Salum: Idi umesoma yote lakini?

Idi: Nimesoma mjomba. Spika naiacha