Wajukuu wa Bi Mkubwa: hitma ya Februari

Jumatano, 27 Januari 2016

Dada Mkubwa, 07:12
Asalaam aleikum nyote. Nakumbusha mara ya tatu. Hitma ya marehemu Bibi ni Jumamosi tarehe 13 Februari, Wete, Pemba, baada ya laasiri. Mchango elfu thelathini kila nyumba. Walioleta mpaka sasa ni watatu, na mmoja wao ni mie.

Dada Mkubwa, 07:14
Wa Unguja semeni mnavuka lini, nijue watu wangapi wa kulazwa.

Dada Mkubwa, 09:40
Waliosoma ni kumi na wanne. Aliyejibu hakuna.

Kaka wa Mtoni, 10:05
IMESAMBAZWA: Atakayekwenda kupiga kura tarehe 20 Machi tumjue kwa jina. Asizikwe na sisi, wala asije kuzika kwetu.

Dada Mkubwa, 10:06
Kaka! Nauliza mchango, unaniletea haya? Kwenye kikundi alichomo Ami?

Kaka wa Mtoni, 10:09
Ndiyo maana nimeleta. Oktoba tulipiga kura, Jecha wa Tume ya Uchaguzi akaenda kwenye televisheni akafuta zote. Leo tunaambiwa turudie. Anayekwenda kurudia anajua anachokifanya.

Binamu wa Dar, 10:15
Mie navuka Ijumaa nikipata boti kubwa. Safari iliyopita nilitapika toka Nungwi mpaka Mkoani 😂

Mama Mdogo, 10:16
Shika ndimu mwanangu, unuse njia nzima. Na usile kabla.

Binamu wa Dar, 10:16
Mama Mdogo, nisile? Bora nitapike.

Dada Mkubwa, 10:18
Jamani. Maturubai nani anachukua? Na Kaka, sijamaliza na wewe. Watu wa hitma ni hawa hawa uliowaambia wasizike.

Kaka wa Mtoni, 10:31
Dada, leo tarehe ngapi? Miaka 15 kamili. Tarehe 27 Januari 2001, siku ya maandamano, Baba alipita mlango wa uani na kanzu aliyolalia, akavuka na ngalawa mpaka Shimoni, Kenya. Askari walikuja moja kwa moja mlangoni kwetu. Hawakugonga kwa jirani wa kulia wala wa kushoto. Nani aliwaonyesha nyumba? Katika mtaa mzima mwenye kadi ya kijani ya CCM alikuwa nani?

(saa moja na nusu, kimya)

Mwalimu (wa Shangazi), 12:04
Kaka, taratibu. Ukilianza la 2001 utaulizwa la 1996.

Kaka wa Mtoni, 12:05
Aulize.

Mwalimu (wa Shangazi), 12:11
Basi nauliza mie, kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwa darasa la sita. Duka la Mjomba, Ami yenu, lilisusiwa mwaka na zaidi. Sukari iligeuka jiwe guniani, akawa anaivunja kwa mchi wa kinu, mwenyewe, saa sita ya usiku, na mteja hakuna. Mwanawe alipofariki jeneza lilibebwa na watu wanne, hawana wa kuwapokea. Kutoka pale mpaka makaburini mnakujua. Baba yako alikaa barazani, akaingia ndani lilipopita. Uchaguzi ule wa 1995 ulikuwa 50.2 kwa 49.8. Kura 1,565 Zanzibar nzima. Kwa kura hizo ndugu wa tumbo moja hakumbebea ndugu yake mtoto.

Dada Mkubwa, 12:13
Mwalimu, Allah akusamehe, hayo ungenipigia simu.

Binamu wa Dar, 12:20
Kwani ng'ombe au kuku? Niulize tu maana wengine hatuli nyama nyekundu.

Dada Mkubwa, 12:21
Kuku. Na ubwabwa. Wewe mchango wako uko wapi?

Dada Mkubwa, 12:34
Nisikilizeni. Baba na Ami walipatana, nyie mnajua. Rais Karume na Maalim Seif wa CUF walipokutana Ikulu Novemba 2009, Baba alisema "wakubwa wamepeana mikono, sisi nani?" Julai 2010 kwenye kura ya maoni ya serikali ya umoja walikwenda pamoja, mstari mmoja, mie niko nyuma yao. Asilimia 66 tulisema ndiyo. Ami alimshikia Baba mwavuli kwa lile jua. Hayo nayo yalitokea. Mbona hakuna anayeyasambaza?

Kaka wa Mtoni, 12:36
Na yamefutwa Oktoba pamoja na kura.

Shangazi, 14:50
🎤 Ujumbe wa sauti (2:41)

Mama Mdogo, 14:58
Nimesikiliza. Lahaula.

Binamu wa Dar, 15:02
Mie sina bando la kushushia. Kasema nini?

Mwalimu (wa Shangazi), 15:20
Namwandikia kama alivyosema:
"Kaka, mwanangu, la nani alionyesha nyumba mie silijui, wala wewe hulijui, ulikuwa na miaka sita. Usilitie kinywani kama uliliona. Na wewe Mwalimu, la jeneza ni kweli, na kaka yangu amekufa nalo. Sasa nawaambia lisilosemwa. Mama alipofariki mie ndiye niliyefungua sanduku lake. Chini ya kanga mlikuwa na viberiti, vimepangwa kama matofali, havijaguswa. Nilihesabu mpaka mia mbili nikaacha. Mwaka ule wa kususiwa, kila usiku baada ya isha alijitanda buibui akapita uani, akanunua kiberiti kimoja dukani kwa mwanawe. Mchana alikaa na mwanawe mwengine, hamwambii. Mama hakuwa na chama. Hitma yake atakayekuja na shati la chama, la rangi yoyote, nitamtoa mie mlangoni. Na atakayesema fulani asizike, mie nikifa asinizike."

(kimya)

Dada Mkubwa, 17:45
Tumesikia Shangazi.

Mama Mdogo, 17:52
Tumesikia.

Ami, 20:33
Asalaam aleikum. Dada yangu nimekusikia. Sikujua kama aliviweka. Nilidhani anakuja kununua. Mchele wote wa hitma juu yangu, msichange wa mchele. Ila nyumbani kwa marehemu kaka sitoingia mpaka niitwe na watoto wake. Mara ya mwisho niliingia kwa maziko yake, na kuna mtu hakunipa mkono. Usiku mwema.

Dada Mkubwa, 20:35
Ami shikamoo. Mie mtoto wake nakuita, tena mbele ya wote. Karibu, nyumba yako.

Ami, 20:41
Marahaba mwanangu. Wewe siku zote umeniita.

Dada Mkubwa, 20:42
Kaka.

Dada Mkubwa, 21:15
Kaka naona uko hewani.

Binamu wa Dar, 21:18
Elfu thelathini nimetuma Dada, angalia. Ya nauli sijui itatoka wapi.

Dada Mkubwa, 21:19
Imefika, ahsante. Wamekuwa wanne. Kwa hiyo mchele Ami, kuku bado, maturubai bado.

Kaka wa Mtoni, 23:06
Maturubai nachukua mie. Hilo la kumwita nipeni mpaka Ijumaa.

Dada Mkubwa, 23:07
Ijumaa hii au ya tarehe 12?