Rangi za East African Airways kwenye modeli ya kompyuta ya ndege aina ya Super VC10

Swali (Kizingo): Wenzangu, ninachora upya rangi za East African Airways, shirika lililofungwa mwaka 1977, lakini picha nilizo nazo zimechujuka. Nitazipataje rangi halisi?

Jibu (Likoni): Ndugu, usizichukue moja kwa moja pichani. Sehemu ya juu ya bodi ilikuwa nyeupe. Sahihisha kwanza weupe huo, na rangi nyingine zitakaribia asili yake.

Jibu (Nyali): Wengi husahau, nami huumia nikiona, kwamba Super VC10 hizo zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo mbele, ubavu wa kushoto, hivyo ukingo wake lazima uonekane. Usajili wa ndege nao uzingatiwe: ukianza na 5Y ni Kenya, 5H Tanzania, 5X Uganda, kwa kuwa shirika lilikuwa la nchi zote tatu.

Kizingo: Ahsanteni sana. Nitaanza na 5H-MMT.